Neno la Msomaji Aliye Njiani

Siku hizi watu wengi wa vijijini wajua kusoma, na vitabu, ingawa si vingi, hupita mkono kwa mkono. Kwa hiyo limekuwa jambo la kawaida kwamba watu wawili wakikutana njiani, au kisimani, au barazani jioni, mmoja humwuliza mwenziwe, "Wasoma kitabu gani sasa? Nacho wakionaje?" Swali hili ni dogo, na huulizwa kwa mapenzi. Lakini jibu lake si dogo kama lidhaniwavyo. Maana mara nyingi yule aulizwaye hajamaliza kitabu chake. Amefika katikati, au pengine mlango wa tatu tu, naye hujibu upesi, "Kizuri sana," au, "Hakina maana, usijisumbue." Na neno lake hilo hukitangulia kitabu katika kila nyumba ambayo kitabu chenyewe kingefika.

Mjini penye maduka ya vitabu na maktaba, neno la msomaji mmoja hupotea kati ya maneno mengi. Kijijini sivyo. Kitabu kikiwa kimoja, na wasomaji ni arobaini, yule akisomaye kwanza ni kama bawabu aliyesimama mlangoni. Akisema, "Ingieni," wengi wataingia. Akisema, "Humu hamna kitu," labda hapana hata mmoja atakayejaribu, na kitabu kitakaa juu ya sanduku mpaka mchwa wakile. Basi yafaa tulifikiri swali hili kwa utulivu: Je, ni haki mtu kutoa maoni juu ya kitabu ambacho bado anakisoma? Na kama ni haki, aseme namna gani ili asimdhulumu mtungaji, wala mwenziwe, wala nafsi yake mwenyewe?

Wako watu wasemao kwamba si haki kabisa. Hoja yao ina nguvu. Husema hivi: Mwamuzi hakati shauri kabla ya kuwasikia mashahidi wote. Naye mtungaji wa kitabu ni kama mtu ashitakiwaye asipokuwapo, yuko mbali, au amekwisha kufa, hawezi kuja barazani petu kusema, "Ngojeni kidogo, neno hilo nimelieleza mbele." Utetezi wake wote umo katika kurasa zile ambazo msomaji hajazifungua. Kwa hiyo kumhukumu kabla ya kuzifungua ni kumnyima nafasi ya kujitetea. Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Na mtu aliyeketi ukumbini hajalala ndani bado.

Nitatoa mfano mmoja. Mwaka 1951 kilipigwa chapa kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika. Ndani yake mna mtu, jina lake Karama, aliyeshitakiwa mbele ya mfalme kwa sababu ya kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea kwake asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani: mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja wao apata taabu nyingi, arudi na mambo yenye manufaa kwa nchi yake, na badala ya kushukuriwa atiwa kifungoni.

Sasa mfikirini msomaji aliyefika kwa mjumbe wa nne. Hana budi kuchoka kidogo. Atasema, "Mtungaji huyu hana jipya. Mtu huenda, hurudi, hufungwa. Kisha mwingine huenda, hurudi, hufungwa." Wala hasemi uwongo, kwa kuwa ndivyo ilivyo katika kurasa alizozisoma. Lakini amesahau kwamba yumo mahali pa hukumu, na kwamba yale yamchoshayo ndiyo ushahidi wenyewe. Mtu mmoja akionewa, wakubwa waweza kusema kwamba ni bahati mbaya. Wakionewa wawili, waweza kusema kwamba ni kosa la waziri fulani. Lakini wakionewa sita kwa namna ile ile, hapo si bahati tena wala si kosa la mtu mmoja, bali ni desturi ya nchi. Shaaban Robert aliwahitaji wajumbe sita kama vile mdai ahitajivyo mashahidi sita. Basi msomaji akiachaye kitabu kwa mjumbe wa nne, na kwenda kutangaza ya kuwa kinarudia maneno, amekilaumu kwa sababu ya kitu kile kilicho nguvu yake. Na mwisho wa kesi ya Karama siusemi hapa. Sababu yake mtaiona mbele.

Hiyo ndiyo hoja ya wale watakao tunyamaze. Lakini wako wengine wasemao kwamba kunyamaza hata mwisho ni vibaya zaidi, nao pia wana hoja.

Kwanza, husema, tazameni jinsi sisi watu wa shamba tusomavyo. Hatusomi kwa siku mbili tatu kama mtu asiye na kazi. Mchana twalima, jioni kuna kuni na maji na watoto, na mafuta ya taa ni ghali. Kitabu cha kurasa mia mbili chaweza kukaa nyumbani miezi minne. Tena mara nyingi ni cha kuazima, na mwenyewe hukitaka kabla hakijakwisha. Kama hapana ruhusa kusema neno mpaka ukurasa wa mwisho, basi wengi wetu hatutasema neno maisha yetu yote, na kusoma kwetu kutakuwa kama chakula kiliwacho gizani peke yake.

Pili, husema, msomaji aliye peke yake hupotea njia asijue. Akiona neno gumu hulipita, akiona jambo asilolielewa hulitia maana yake mwenyewe, kisha hujenga juu ya maana hiyo mpaka mwisho. Angalisema na mwenziwe alipokuwa katikati, angalisahihishwa mapema. Kuuliza si ujinga, na asiyeuliza mpaka mwisho wa safari huuliza akiwa amekwisha kufika mji mwingine.

Jambo hili lilijulikana tangu zamani. Zamani zile, hata Ulaya, watu wengi walizoea kusoma kwa sauti, kama wafanyavyo wengi wetu hata leo. Mtakatifu Augustino alifika Milan mwaka 384, na katika habari za maisha yake ameeleza jinsi alivyomwona Askofu Ambrosio akisoma kimya, macho yakipita juu ya kurasa, ulimi umetulia. Wageni walikuwa wakiingia na kuketi, wakimtazama, kisha wakiondoka pasipo kuthubutu kumsumbua. Augustino alijaribu kutambua sababu. Alifikiri kwamba labda askofu alitaka kuihifadhi sauti yake, iliyokuwa ikipwea upesi. Au labda aliogopa kwamba akisoma kwa sauti, msikilizaji atamkatiza na kutaka aelezwe maneno magumu, na hivyo asimalize kurasa alizokusudia. Fikirini vema sababu ile ya pili. Maana yake ni kwamba, kwa desturi ya wakati ule, mtu asomaye kwa sauti alitazamiwa kuulizwa papo hapo. Kusema juu ya kitabu kingali wazi si mtindo mpya; kusoma kimya ndiko kulikowashangaza watu.

Tatu, husema, viko vitabu ambavyo vilisomwa na watu wote wakiwa njiani pamoja. Charles Dickens, mtungaji wa Uingereza, alitoa hadithi yake iitwayo The Old Curiosity Shop kidogo kidogo kila juma, mwaka 1840 na 1841. Hapana msomaji hata mmoja aliyeweza kuruka mbele kuutazama mwisho, kwa kuwa ulikuwa haujapigwa chapa. Watu walizungumza habari zake kila juma, na walipoona kwamba mtoto Nell aelekea kufa, baadhi yao walimwandikia mtungaji barua wakimsihi asimwue. Ni nani atakayesema kwamba watu wale walikosa kwa kusema kabla ya mwisho? Walikuwa wakisafiri pamoja, na mazungumzo yao yalikuwa mazungumzo ya njiani.

Basi tumesikia pande mbili, na kila upande una haki yake. Lakini nionavyo mimi, hazipingani kama zionekanavyo. Zimeonekana kupingana kwa sababu tumeliita kwa jina moja, yaani maoni, jambo ambalo kwa kweli ni mambo mawili. Liko neno la shahidi, na liko neno la mwamuzi. Shahidi husema, "Nilikuwa mahali fulani, nikaona jambo hili, nami moyoni nikasikia hivi." Mwamuzi husema, "Jambo lote kwa jumla lina thamani hii." Shahidi hana haja ya kuona kila kitu, yampasa tu aseme kweli juu ya kile alichokiona, na asipite mpaka wake. Lakini mwamuzi asipoona kila kitu, hukumu yake ni batili, hata ikitokea kuwa sahihi.

Chukueni mfano wa msafiri. Mtu ametoka Tanga aenda Korogwe kwa miguu, nawe wakutana naye kule Muheza. Ukimwuliza habari za njia, aweza kukuambia mengi yenye faida: mahali penye matope, mahali penye maji mazuri, na mahali alipopata kivuli. Maneno yake ni ya kweli nayo yatakusaidia. Lakini akianza kukueleza jinsi soko la Korogwe lilivyo leo, yakupasa umkumbushe kwamba bado hajafika. Hali ya msomaji aliye katikati ni hiyo. Ana mengi ya haki ya kusema, na machache ambayo hana haki nayo. Na hekima yote ni kuujua mpaka.

Wako watu waliolifahamu jambo hili wakalifanyia taratibu. Mwaka 1727, katika mji wa Philadelphia, Marekani, ambayo wakati ule ilikuwa ingali chini ya Uingereza, kijana mpiga chapa jina lake Benjamin Franklin aliwakusanya rafiki zake wakafanya chama kiitwacho Junto. Wengi wao hawakuwa matajiri wala wanachuoni wakubwa. Kati yao alikuwapo fundi wa vioo, na mtu aliyefundishwa ushonaji wa viatu, na seremala, na mpima ardhi, na karani wa duka. Walikutana kila Ijumaa jioni. Walikuwa na orodha ya maswali ya kuulizana kila walipokutana, na swali la kwanza lilihusu vitabu. Halikuuliza kama kitabu ni kizuri au ni kibaya. Liliuliza kama mtu, katika kitabu alichokisoma mwisho, amekutana na jambo lo lote la ajabu au lenye faida, lifaalo kuwaambia wenziwe.

Tazameni busara ya swali hilo. Mtu aliyesoma kurasa kumi aweza kulijibu, na mtu aliyesoma kitabu kizima aweza kulijibu, wala hapana kati yao anayelazimishwa kuwa mwamuzi. Kila mmoja aletwa mbele kuwa shahidi. Tena halimpi mtu nafasi ya kujionyesha. Maana ni rahisi kusema, "Kitabu hiki ni kizuri mno," hata kama hukukifungua, lakini si rahisi kuleta jambo lenyewe kama hukulisoma.

Walikuwa na sheria nyingine pia, ambayo Franklin ameieleza katika habari za maisha yake. Baada ya muda waliyakataza maneno ya kukata, yale ya mtu asemaye kana kwamba hapana njia nyingine, na pia kumpinga mwenzio uso kwa uso. Na mtu aliyeivunja sheria hiyo alitozwa fedha kidogo. Labda tutacheka kusikia watu wazima wakilipishana kwa ajili ya ukali wa maneno. Lakini fikirini sababu yake. Mtu akiisha kusema mbele ya wenziwe, "Kitabu hiki hakifai kabisa," amejifunga kamba mwenyewe. Kesho akiendelea kusoma na kuona kwamba kinafaa, atafanyaje? Akisema kweli ataona haya. Akinyamaza ataishi na uwongo. Na wengi, ili wasione haya, huendelea kusoma wakitafuta makosa tu, wapate kuyathibitisha maneno yao ya kwanza. Hivyo neno la haraka humharibia mtu hata kusoma kwake. Lakini mtu aliyesema, "Hata hapa nilipofika, naona hivi," hana kamba shingoni. Kesho aweza kusema, "Nimeendelea mbele, na sasa naona vingine," na hapana atakayemcheka. Maneno hayo machache, yaani hata hapa nilipofika, ni madogo, lakini yalinda haki ya mtungaji, na uhuru wa msomaji, na masikio ya msikilizaji.

Kutokana na chama kile kilitokea pia mwaka 1731 maktaba ya watu walioshirikiana kutoa fedha, watu hamsini, kila mmoja shilingi arobaini kwanza, kisha shilingi kumi kila mwaka, wapate kununua vitabu ambavyo mtu mmoja asingaliweza kuvinunua. Mazungumzo yao mema juu ya vitabu yaliwafanya watake vitabu zaidi. Hicho ndicho kipimo kimoja cha maoni mema: je, yawaacha watu wakitamani kusoma, au yawaacha wakijiona hawana haja?

Labda mtu atasema, "Mwalimu, haya yote ni adabu tu. Kuna hasara gani kubwa mtu akisema ovyo juu ya hadithi?" Nami nitajibu kwa mfano wa karibu. Mwaka 1934 kilipigwa chapa kitabu cha James Mbotela kiitwacho Uhuru wa Watumwa. Mbotela alikuwa mwana wa watu wa Freretown, kijiji kilichofanywa karibu na Mombasa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Kitabu chake chaeleza jinsi watu walivyokamatwa bara, jinsi walivyosafirishwa, jinsi walivyookolewa, na jinsi walivyoishi baadaye. Wasomaji wengi, hasa baada ya nchi zetu kupata uhuru, wamemlaumu kwamba amewasifu Waingereza kupita kiasi. Lawama hiyo si bure. Iko katika kurasa, na kila mtu aweza kuionyesha kwa kidole.

Sasa tuseme kitabu hiki kimefika katika kijiji cha pwani, kimoja tu, na watu watatu wamekisoma. Wa kwanza amesoma habari za kukamatwa watu na za safari ya watumwa, akakasirika, akakifunga. Asema, "Kitabu hiki chafukua mambo ya zamani na kutia uadui kati ya jirani na jirani. Msikisome." Wa pili amefungua mahali penye sifa za Waingereza, akasoma kurasa chache, akakifunga naye. Asema, "Hiki ni kitabu cha kujipendekeza. Msikisome." Wa tatu ni mama ambaye bibi yake aliletwa pwani kwa njia ile ile. Yeye asoma polepole, kwa kidole, wala hajafika mwisho. Asema, "Jina la bibi yangu halikuandikwa mahali po pote; lakini njia aliyopita imeandikwa humu. Hata hapa nilipofika, nimejua kwa nini hakupenda kutuambia."

Katika hao watatu hapana aliyemaliza kitabu, na hapana aliyesema uwongo juu ya alichokiona. Ukali umo, na sifa zimo, na njia ile imo. Lakini tofauti yao ni kubwa. Wawili wa kwanza wametoka katika ushahidi wakaingia katika hukumu, na hukumu yao si juu ya kitabu tu bali juu ya watu wengine: wamekata shauri kwa ajili ya majirani wote kwamba wasione. Na kama neno lao lingalitangulia, yule mama asingalikifungua kitabu kamwe, na njia ya bibi yake ingalibaki gizani. Hiyo ndiyo hasara niisemayo. Tukikilaumu kitabu tusichokimaliza, si mtungaji peke yake apotezaye. Pengine yuko mtu nyuma yetu ambaye kitabu kile kilikuwa chake kuliko kilivyokuwa chetu, nasi tumemfungia mlango pasipo kujua kwamba yupo.

Tena angalieni: wale wawili wangaliweza kusema karibu maneno yao yale yale pasipo kumdhulumu mtu. Wa kwanza angalisema, "Nimesoma habari za kukamatwa watu nikaumia moyo, mwenye wazee waliokuwamo ajitayarishe." Wa pili angalisema, "Fungueni hapa, tazameni jinsi asifuvyo. Nadhani amepita kiasi. Someni mniambie." Hayo ni maneno ya haki, nayo yana nguvu zaidi kuliko amri ya kutosoma.

Lakini liko pingamizi moja kubwa zaidi. Mtu aweza kuuliza, "Kama kitabu ni kiovu kweli, je, yanilazimu kukinywa chote ndipo niwaonye watu? Aonjaye maji akakuta ni machungu hamalizi mtungi." Neno hili ni kweli kwa nusu. Ni kweli kwamba hapana mtu alazimishwaye kumaliza kitabu kimwudhicho. Kukiacha ni haki yake, kama vile kuondoka katika mazungumzo mabaya. Na akiulizwa aweza kusema wazi, "Nilikiacha mahali fulani, kwa sababu hii." Lakini kitabu si kama mtungi. Maji ya mtungini ni yale yale juu na chini, kitabu hubadilika. Tena kitabu chaweza kutia maneno mabaya katika kinywa cha mtu mbaya, ili tumjue alivyo, kisha kikamjibu baadaye. Msomaji aliyeonja ukurasa mmoja huenda akawa amesikia neno la mshitaki akalidhani ni la mtungaji. Kwa hiyo kabla ya kupiga mbiu, yampasa ajiulize: Maneno haya ni ya nani? Mtungaji ayapenda, au ayaonyesha tu? Na kama hawezi kujibu, basi na asome mbele kidogo, au na aseme kwamba hajui.

Yako makosa mengine matatu ambayo yatupasa kuyaepuka. La kwanza ni kusema kwa kusikia. Mtu asikia ya kuwa fulani amekisifu kitabu, naye huchukua sifa zile na kuzitembeza kama zake, ili aonekane msomi. Mtu wa namna hii si shahidi wala mwamuzi. Ni mchuuzi wa mali ya wengine. Si aibu kusema, "Sijakisoma, nimesikia tu."

La pili ni kumnyang'anya mwenzio mwisho. Hadithi hutungwa ili msomaji aingoje, na kungoja kwake ni sehemu ya mali aliyopewa na mtungaji. Yule amwambiaye mapema jinsi ilivyokwisha amechukua kitu asichoweza kukirudisha, maana mtu akiisha kujua hawezi kutojua tena. Ndiyo sababu sikuueleza mwisho wa kesi ya Karama, wala sikusema kama Dickens alizisikiliza barua za wasomaji wake. Atakaye kujua ana macho, na vitabu vipo.

La tatu latuhusu zaidi sisi walimu, na wazee, na wote ambao neno lao ni zito. Mtoto akisema shuleni, "Kitabu hiki kimenichosha," wenziwe huweza kubishana naye. Mwalimu akisema neno hilo hilo, mabishano yamekwisha. Kila mtoto atakiona kinachosha, hata yule aliyekuwa akikipenda kwa siri. Kwa hiyo mwenye neno zito na aseme mwisho. Awaache wadogo walete waliyoyaona, aulize, "Umeliona wapi? Tusomee," kisha ndipo atoe lake, naye aseme amefika wapi. Asipofanya hivyo atapata wanafunzi wajuao maoni ya mwalimu wao, si wanafunzi wajuao kusoma.

Basi, ndugu zangu, sidhani kwamba yatupasa kunyamaza. Kitabu kisichozungumzwa hufa, na msomaji asiyezungumza hukauka. Tuulizane bila hofu, "Wasoma nini sasa?" Lakini tujibu kama mashahidi waaminifu: tuseme tumefika wapi, tuonyeshe ukurasa, tutenge yale yaliyoandikwa na yale tuliyoyasikia mioyoni mwetu, na tumwachie mwenzetu nafasi ya kuona vingine. Hukumu na ingoje ukurasa wa mwisho. Na hata huko ije polepole, kwa maana wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Na kama yuko msomaji aonaye kwamba nimekosea, kwamba kuna kitabu ambacho haki ni kukifungia mlango tangu ukurasa wa kwanza, namsihi aandike atueleze ni kitabu cha namna gani, na ni nani astahiliye kushika ufunguo. Ila na aseme pia alikisoma mpaka wapi.